Ridhaa ya Mfuga Nyuki

Mtu aliyebisha hodi kwetu Jumapili ile alikuwa amevaa kama mwanaanga. Mdogo wangu Thalia ndiye aliyefungua mlango, na ndiye aliyepiga kelele mpaka mama akaangusha mwiko jikoni.

"Irini! Njoo uone! Kuna mtu kashuka kutoka mwezini!"

Nilitoka mbio na kalamu nyekundu mkononi, maana nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa langu. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu ndani ya ovaroli nyeupe iliyofungwa kuanzia shingoni hadi viatuni. Kofia yake yenye wavu alikuwa ameisukuma nyuma, na ndevu zake zilijaa vumbi jekundu. Nyuki mmoja alikuwa akitambaa begani mwake bila haraka.

"Samahani," alimwambia Thalia. "Hapa ni kwa Despina?"

"Ndiyo. Yuko jikoni. Una nyuki begani."

"Najua. Huyo ananisindikiza tu." Akamtazama Thalia, gauni lake la njano na nywele zake alizozifunga kwa utepe. "Na wewe ni nani, binti wa jirani?"

Thalia akacheka. "Jirani wapi? Mimi ni wa hapa hapa."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona ule msimamo wake, uzito wote kwenye mguu mmoja kama farasi aliyechoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mara ya mwisho kuuona. Thalia wakati huo alikuwa na minne.

"Thalia," nikasema. "Kamwite mama."

"Kwa nini? Ni nani?"

Yule mtu alikuwa amelisikia jina lile, nami nikamwona anavyopiga hesabu kimyakimya. Nyumba hii aliiacha na watoto wawili. Mmoja ni mimi. Huyu mwingine sasa... Mkono wake ukashika nguzo ya mlango.

"Ni baba," nikasema.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Kwa miaka tisa nilikuwa nimejiuliza atasema nini siku hii ikifika. Alimtazama juu hadi chini, akasema, "Umepotea njia, Wendel?"

"Nimepata barua."

"Vua viatu basi. Nimepiga deki."

Tuliketi mezani wanne, baba akiwa na soksi zilizotoboka vidole. Barua ile aliitoa mfukoni ikiwa imekunjwa mara nyingi, bahasha imejaa mihuri ya posta za huku na huku. Yeye huishi kwa kuyafuata maua kote Australia. Hupakia mizinga kwenye lori, akaipeleka Queensland maua ya huko yakichanua, kisha Victoria, kisha kwingine, na wenye mashamba humlipa ili nyuki wake wachavushe miti yao izae. Kliniki ilikuwa imeituma kwa anwani yake ya zamani, nayo ikamfukuzia miezi mitano. Kila ilipofika, yeye alikuwa ameshaondoka.

Nilijua kilichoandikwa, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na mama siku kliniki ya Adelaide ilipotueleza. Thalia alikuwa akituambia tangu ana miaka mitano kwamba yeye ni msichana. Miaka miwili sasa alikuwa akionana na mwanasaikolojia na daktari, wakimsikiliza, wakimpima, wakituuliza na sisi. Walikuwa wamekubaliana kwamba anafaa kuanza sindano za kusimamisha balehe kwa muda, ili mwili wake usikimbie mbele wakati yeye bado anakua na kufikiri. Lakini sheria ilitaka ridhaa ya wazazi wote wawili. Mmoja akikataa au asipopatikana, jambo linakwenda mahakamani, na huko linaweza kukaa mwaka. Thalia hakuwa na mwaka. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Shuleni alikuwa ameacha kujibu maswali. Aliandika majibu kwenye karatasi, akaisukuma kwa mwalimu.

"Nimekuja kusema hapana," baba alisema. "Nimeona si haki niseme kwa barua."

"Haki!" Mama alisimama. "Miaka tisa hukulijua neno hilo, leo umelikuta wapi? Kwenye asali?"

"Despina, ni mtoto. Ana miaka kumi na mitatu."

"Najua miaka yake! Mimi ndiye niliyeoka keki zote!"

"Hujaniuliza kitu hata kimoja," Thalia alisema.

Hakupaza sauti. Wote wawili wakamgeukia.

"Daktari Seneviratne ameniuliza maswali miaka miwili," akaendelea. "Yule mwanasaikolojia aliniuliza mpaka napenda supu gani. Wewe umeniuliza swali moja tu, kama mimi ni wa jirani."

Nikacheka kwa hofu, kile kicheko kinachotoka bila ruhusa. Baba alitazama meza, na nadhani mdomo wake ulicheza kidogo.

"Miadi ni Alhamisi saa tatu asubuhi," Thalia alisema. "Leo Jumapili. Nikitoka shule nitakuja kwako. Uniulize chochote, na mimi nikuulize chochote. Ukitaka kusema hapana, useme hapana ukiwa unanijua."

"Thalia, hapana!" mama alisema. "Huendi popote na mtu huyu."

"Mama, wewe ulishasaini. Saini yake ndiyo inayokosekana. Irini atanipeleka. Si utanipeleka, Irini?"

Ningempeleka hata mwezini.

Baba alimgeukia. "Unaogopa nyuki?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Jumatatu saa tisa na nusu tulikuwa ndani ya gari langu dogo, madirisha wazi, Thalia akiimba kwa sauti yake inayokwaruza, kwa kuwa ndani ya gari langu haoni aibu. Mashamba ya lozi yalikuwa yamechanua yote kwa pamoja. Kwa kilomita nzima hukuona jani, ni maua matupu, na petali zilianguka kwenye kioo cha gari mpaka nikawasha vifuta maji.

Baba alitupa ovaroli kubwa mno. Thalia alikunja miguu ya yake mara tatu. Masharti waliyakubali pale pale: kila mzinga unaofunguliwa, swali moja moja. Mimi nilishika kopo la moshi wa kuwatuliza nyuki, nikajifanya sipo.

Mzinga wa kwanza ulifunguka ukivuma, na Thalia akarudi nyuma hatua moja, kisha akasogea mbele hatua mbili. "Jamani!" akasema. "Wako elfu!"

"Elfu thelathini. Usipumue juu yao." Baba aliinua sega polepole. "Swali langu. Ulianza lini?"

"Kuanza nini?"

"Hii."

"Hii ina jina lake."

Baba aligeuza sega upande wa pili. "Kuwa msichana. Ulianza lini?"

"Sikuanza. Niliwaambia tu. Mama alidhani nacheza. Irini alinipa gauni lake la zamani ili ninyamaze."

"Ukanyamaza?"

"Niliacha kulia. Na hayo ni maswali mawili, kwa hiyo na mimi nina mawili. Kwa nini uliondoka?"

Nyuki walivuma. Kopo la moshi lilitaka kuzimika mkononi mwangu, nikalibana haraka.

"Swali gumu hilo," baba alisema.

"Mzinga uko wazi. Jibu."

"Nilikuwa mlevi. Mama yako akaniambia nichague, chupa au nyumba. Nikachagua vibaya. Nilipoiacha pombe nikaona aibu kurudi."

"Uliiacha lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Kwa hiyo miaka minne ni aibu tu."

"Ni aibu tu."

"Na kila Agosti unakuwa hapa kwenye lozi? Kilomita kumi na nane kutoka kwetu?"

"Kumi na saba," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilishazipima."

Siku hiyo tulifungua mizinga kumi na miwili. Thalia aliumwa mara mbili, akaonyesha uvimbe wake kwangu kama medali. Njiani kurudi hakunyamaza hata dakika moja. "Uliona malkia? Uliona wanavyompisha? Wende ana kovu huku, umeliona?" Alimwita Wende, si baba, nami sikumsahihisha. Nilikuwa na furaha ambayo niliiogopa. Niliogopa kwamba atampenda mtu huyu kwa siku nne, kisha Alhamisi mtu huyu aseme hapana na kupakia lori lake.

Jumanne baba alikuwa mkali. Nadhani hakuwa amelala.

"Na ukijuta?" aliuliza hata kabla mfuniko haujatoka. "Mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu nilitaka kuwa mwanasarakasi."

"Ungefaa. Una miguu mirefu."

"Sifanyi mzaha, mtoto."

"Na mimi sifanyi." Thalia aliinua wavu wake ili amtazame vizuri, jambo ambalo baba alikuwa amemkataza. "Nikijuta, sindano zinasimama na mwili unaendelea. Ndiyo maana wanaanza na hizi. Homoni ni baadaye, na wataniuliza tena upya."

"Nimesoma habari za mifupa. Wanasema inaweza kuwa dhaifu."

"Watanipima mifupa kila mwaka. Ninaogopa pia. Unadhani siogopi? Nimeandika orodha ya ninayoyaogopa, ni kurasa nne. Lakini kuna vitu ninavyoviogopa zaidi. Kila asubuhi nikiamka nasema neno moja peke yangu kitandani, kusikia sauti imefika wapi."

"Neno gani?"

"'Habari.' Nasema 'habari.' Ikitoka nzito, siku hiyo naandika karatasi."

Baba alishusha wavu wa Thalia kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa. Alitoa ufunguo mfukoni, akagonga mzinga mara tatu, akainama na kuuambia, "Mvua imekaribia. Kesho kutwa tunahama."

"Unaongea na mzinga?" Thalia aliuliza.

"Naongea na nyuki."

Akatueleza, kwa haya kidogo. Kwa watu wa ukoo wake, waliokuja huku zamani kutoka Ujerumani na mizinga yao, nyuki ni jamaa wa nyumba. Mtoto akizaliwa wanaambiwa. Mtu akifa wanaambiwa, na mzinga unafungwa kitambaa cheusi. Wakifichwa habari ya nyumbani wananuna, wanahama, au wanakufa. Babu yake alifanya hivyo, na babu wa babu yake.

Macho ya Thalia yalimetameta nyuma ya wavu. "Nilipozaliwa mimi je?"

"Siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipita mzinga kwa mzinga, nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu."

"Uliwaambia nini?"

Petali moja ilimwangukia baba kwenye mkono, naye akaitazama kana kwamba hajawahi kuona petali.

"Niliwaambia nimepata mtoto wa kiume," alisema.

"Uliwadanganya."

"Sikujua."

"Basi wafahamishe."

"Si jambo la kusema tu. Nyuki huwaambii kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiamini. Wanajua."

Thalia aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la haki. Hakumsihi. Njia nzima ya kurudi hakuimba, nami niliendesha gari nikimchukia baba, kisha nikimhurumia, kisha nikimchukia tena.

Jumatano tulifika mapema kuliko kawaida. Lori lilikuwa limepakiwa nusu, na baba hakuonekana. Kisha tukamsikia. Sauti yake ilitoka katikati ya miti, na kabla ya sauti, mlio wa ufunguo juu ya mbao: ko, ko, ko.

"Nina habari," alisema. "Nina binti. Anaitwa Thalia. Ana miaka kumi na mitatu, hanyamazi, na hawaogopi ninyi."

Ko, ko, ko. Mzinga unaofuata.

"Nina habari. Miaka ile niliwaambia vibaya. Ni binti. Anaitwa Thalia."

Thalia alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Tulisimama nyuma ya mti, maua yakituangukia, tukamsikiliza akienda mzinga kwa mzinga, na kila mara alisema jina lile kwa nguvu zaidi kidogo. Nilitaka kuruka. Nilitaka kumpigia mama simu, kuwapigia wanafunzi wangu, kumpigia mtu yeyote.

Alipotuona, masikio yake yakawa mekundu. "Mmefika mapema."

"Umesema siwaogopi," Thalia alisema huku akilia na kucheka. "Nimeumwa mara sita!"

"Kuumwa na kuogopa ni vitu viwili." Baba alijifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Sikiliza. Jina ni lako, na binti ni wangu. Hilo nimelimaliza. Dawa ni jambo lingine. Hilo sijaamua, na sitaki nikudanganye."

"Sawa."

"Na kesho ni kesho mbaya." Alionyesha upande wa mwisho wa shamba. "Kesho saa kumi jioni meneja Trudgen anapiga dawa ya wadudu. Mizinga yote iwe imeondoka. Nitabeba kadiri niwezavyo leo na alfajiri, lakini ile arobaini ya kule mwisho itabaki. Nikitoka Adelaide saa tano, nitawahi kuichukua."

"Ile ndiyo ipi?" nikauliza.

"Ya babu. Ukoo wa nyuki wale wale aliokuja nao. Sijawahi kuuza hata malkia mmoja."

Thalia alifikiri. "Sitaki uahidi kusaini," alisema. "Nataka uahidi kukaa. Watu wakianza kusikia habari zangu hutoka nje. Mjomba alitoka, akasema anapokea simu. Mwalimu mkuu alitoka kutafuta faili, hakurudi mpaka kengele. Kesho mwishoni daktari ataniacha niseme ya kwangu, na nitasoma karatasi zangu. Kaa mpaka nimalize. Basi."

"Nitakaa mpaka umalize," baba alisema, wakapeana mikono wakiwa na glavu.

Jioni ile mama alikuwa ameoka mkate wa mboga na jibini, lakini yeye mwenyewe hakula. Thalia alisimulia yote, na alipofika kwenye ufunguo, mama alifunika uso.

"Nilijua alipo," alisema.

"Nani?"

"Baba yenu. Kila Agosti nayaona malori ya mizinga yakipita mbele ya kiwanda cha machungwa. Wanawake wenzangu pale kwenye kufungasha wananiambia, Despina, mumeo kaja. Kwenye fomu ya kliniki niliandika 'hajulikani alipo'. Agosti iliyopita ningeweza kuendesha gari dakika ishirini nikamuuliza. Ningeweza hata kumuuliza Trudgen namba yake ya simu. Sikutaka kumwomba kitu. Hata hiki."

Mimi pia nilijua. Sote tuliyaona malori. Katika nyumba yetu tulikuwa na mazoea ya kutotazama barabara mwezi wa Agosti.

"Miezi mitano, mama," Thalia alisema. Sauti yake ilivunjika katikati ya neno, ikashuka, na sote tulisikia ilikoshukia.

"Najua, mwanangu."

"Kesho umwambie daktari ukweli."

"Nitamwambia."

Thalia alikata kipande cha mkate, akakisukuma kwenye sahani ya mama. "Kula basi. Kesho ni safari."

Tuliondoka saa kumi na mbili kasorobo. Saa tatu kasoro dakika tano tulikuwa kwenye viti vya kliniki, Thalia katika gauni la njano, karatasi zake zimekunjwa magotini. Mwenye ovaroli hakuonekana. Dakika tatu. Mbili. Mama alikuwa akiutazama mlango kwa jicho ambalo lingeweza kuuchoma.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, na baba akaingia akihema, jicho moja limevimba na kufumba kabisa.

"Limeumwa na nyuki," alisema. "Nisamehe. Nimeegesha lori mahali pabaya sana."

Mtoto mdogo aliyekuwa akisubiri na mama yake alisema, "Mama, mwanaanga!" na Thalia akacheka kwa sauti kubwa, ile inayokwaruza, mbele ya watu wote.

Daktari Seneviratne alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe. Mama alianza yeye. Alisema alichoandika kwenye fomu na kwa nini, akimtazama baba na si daktari, na daktari akaandika bila kumkaripia. Kisha baba akatoa maswali yake, yameandikwa nyuma ya risiti. Mifupa. Kuzaa baadaye. Wangapi hubadili nia. Nini hutokea miaka ishirini mbele.

Daktari alijibu moja baada ya jingine. Kwenye mifupa alieleza vipimo. Kuhusu kuzaa alisema ni lazima wazungumze kwa kirefu kabla ya hatua yoyote ya homoni, na kwamba Thalia ana haki ya kulifikiria hilo akiwa mkubwa zaidi. Kwenye lile la mwisho alisema, "Miaka ishirini mbele, sijui kila kitu. Tunachojua nimekueleza. Tusichokijua ni kingi, na ninakiona kila siku ninapoingia hapa. Nami namwona Thalia pia, na ninajua kwamba kusubiri nako ni uamuzi, na nako kuna madhara yake."

Baba aliikunja risiti. "Wote niliowasoma kwenye simu wanajua," alisema. "Wanaosema ndiyo wanajua, wanaosema hapana wanajua. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui."

"Samahani."

"Usiombe samahani." Alimgeukia Thalia. "Bado naogopa."

"Mimi pia."

"Kila kipimo cha mifupa niitwe. Nitakuja kutoka popote maua yalipo."

"Utaitwa," daktari alisema.

Baba akachukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa za mtu anayeandika juu ya masanduku, na mama akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu fomu ile ya kwanza. Nilimkumbatia. Nilijikuta nimemkumbatia na daktari pia. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Sasa wewe, Thalia," daktari alisema alipojinasua. "Hakuna kinachoanza mpaka na wewe useme ya kwako. Soma kwa raha zako."

Thalia alifungua karatasi, akakohoa, akaanza. "Ninayoyaogopa. La kwanza."

Simu ya baba ikatetemeka. Aliitazama, kisha akausoma ujumbe tena. Nilikuwa karibu naye. Niliusoma nami bila kukusudia. Ulitoka kwa Trudgen. Upepo unakuja mchana, mashine zinaanza sasa hivi. Mizinga yako arobaini bado ipo. Nipigie wewe mwenyewe unielekeze safu zake, nizuie upande ule. Dakika tano.

"Wende?" Thalia aliacha kusoma. "Ni nini?"

"Hakuna."

"Ni nyuki," nikasema. Sikuweza kunyamaza. "Wanapiga dawa sasa. Trudgen anataka baba mwenyewe ampigie."

"Nenda basi!" mama alisema. "Umeshasaini, Wendel. Toka upige."

"Nenda," Thalia alisema. "Dakika moja tu. Sitakasirika."

Alisema kweli, hangekasirika. Lakini nilimwona anavyozikunja karatasi, haraka, kwa mazoea, kama mtu aliyekwisha kuzikunja mara nyingi mbele ya milango inayofungwa. Baba naye aliona. Jicho lake moja zima lilienda kwenye karatasi, likaenda mlangoni, likarudi. Simu ilitetemeka tena, ikatembea kidogo juu ya goti lake.

Akaizima. Akaiweka sakafuni, chini ya kiti, akaisukuma mbali kwa kisigino.

"Umefika la kwanza," alisema. "Kurasa nne, si ndiyo? Fungua."

Thalia alifungua. Alisoma la kwanza, la pili, la tatu. Baba alikaa mikono imeshikana magotini, machozi yakimtoka jicho zima na lile lililovimba, hakuyafuta, hakuitazama saa hata mara moja. Kwenye ukurasa wa tatu sauti ya Thalia ilikwaruza, ikashuka. Alisita.

"Sijasikia hilo," baba alisema. "Rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mwisho wa ukurasa wa nne.